Maporomoko ya Kakombe: maji yaliyotunzwa na msitu

Mkazi wa Ujiji hakosi maji machoni. Kunapopambazuka huliona Ziwa Tanganyika limetanda upande wa magharibi hadi kwenye milima ya Kongo, na jioni hulitazama jua likizama huko huko. Ziwa hili lina urefu wa kilometa 673 na kina kinachofikia meta 1,470. Ni la pili kwa kina duniani baada ya Ziwa Baikal la Urusi, na mataifa manne, yaani Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, yanagawana mwambao wake. Aliyezaliwa mbele ya maji mengi kiasi hicho huenda akaona hana haja ya kufunga safari kwenda kutazama kijito.

Hata hivyo, ziwa lenyewe hulishwa na mvua, mito na vijito vinavyoshuka kutoka milimani. Kimojawapo cha vijito hivyo ni Kakombe, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Gombe, ambayo mpaka wake uko kilometa zipatazo 16 tu kaskazini ya mji wa Kigoma. Kabla ya kufika ziwani, Kakombe huanguka kutoka kwenye ukuta wa mwamba wenye kimo cha takriban meta 25, katikati ya msitu mnene. Wageni huvuka bahari kutoka Ulaya na Marekani kuja kusimama mbele ya maporomoko hayo. Familia nyingi za Kigoma na Ujiji, ambazo huyasikia tu kwa jina, hazijafika.

Kwa kuwa ukurasa huu ni wa familia, tuliona ni vyema twende, tupande, tuone, kisha tuwaeleze wasomaji wetu njia ilivyo, nini cha kuandaa, na jambo moja lililotugusa kuliko yote: sababu ya maji yale kuendelea kutiririka kiangazi na masika, ilhali vijito vya mabonde ya jirani vinazidi kukauka.

Kutoka Kibirizi kwa boti

Hakuna barabara ya gari inayofika Kasekela, kituo kikuu cha wageni katika hifadhi. Njia ni ya ziwani. Mwenye haraka hukodi boti ya injini mjini Kigoma au huomba kuelekezwa na ofisi ya hifadhi. Asiye na haraka huenda Kibirizi, kaskazini kidogo ya mji, ambako maboti ya mbao hupakia abiria na mizigo ya vijiji vya mwambao. Kwa desturi maboti hayo huondoka mchana na kurudi asubuhi na mapema, kwa hiyo anayeyatumia hana budi kulala hifadhini. Mwendo ni wa saa tatu au zaidi, kulingana na upepo na vituo vya njiani.

Msafara wetu ulikuwa wa watu saba: wanaume wawili, akina mama watatu na vijana wawili wa sekondari. Tulichagua boti ya abiria, tukakaa baina ya magunia ya unga, madumu ya mafuta, magodoro yaliyokunjwa na bati za mtu aliyekuwa akijenga. Mwambao huu umezoea wasafiri. Misafara ya wafanyabiashara wa pwani ilifika Ujiji kwa miguu kutoka Bagamoyo, na watu wake wakaujenga mji, wakaoa, wakasomesha watoto na kulieneza Kiswahili hadi ng'ambo ya ziwa. Mwaka 1858 Burton na Speke waliliona ziwa wakiwa wamefuata njia ya misafara hiyo. Mwaka 1871 Stanley alimkuta Livingstone Ujiji, na wote wawili wakapanda mtumbwi kuelekea kaskazini ili kuamua ubishi mmoja: je, mto Rusizi unaingia ziwani au unatoka? Wakaukuta unaingia. Watu wa mbali wamehangaika tangu zamani kujua maji ya nchi hii yanatoka wapi na yanakwenda wapi.

Kutoka Kigoma kwenda kaskazini, vilima vinavyolikabili ziwa vimelimwa hadi vileleni. Mihogo imepandwa kwenye miinuko ambayo mtu angeogopa kusimama wima. Michikichi imejipanga mabondeni, nyumba zimebanana ufukweni, na hapa na pale mlima una kovu jekundu ambapo udongo umeporomoka. Kisha, boti inapokaribia hifadhi, rangi ya mlima inabadilika. Panapoishia shamba la mwisho panaanza msitu, na mpaka baina ya viwili hivyo unaonekana waziwazi ukiwa majini.

Kijana wetu mmoja aliuliza kama miti ile ilipandwa na serikali. Mzee aliyekaa mbele yetu, akirejea kijijini kwake kaskazini ya hifadhi, aligeuka akamjibu.

"Hapana, mjukuu wangu. Ile haikupandwa na mtu, imeachwa tu. Na kote tulikopita tangu tumetoka Kibirizi, sisi tulipokuwa wadogo kama wewe, kulikuwa vilevile."

Kijana alinyamaza, akabaki kuuangalia ule mpaka mpaka tukautupa nyuma.

Binti na mama yake ufukweni

Gombe ni miongoni mwa hifadhi ndogo kabisa za taifa nchini. Eneo lake la milima na mabonde ni ukanda mwembamba uliobanwa baina ya ziwa na kilele cha ukuta wa Bonde la Ufa. Lilitengwa kuwa pori la akiba mwaka 1943 na likawa hifadhi ya taifa mwaka 1968. Jina lake limekwenda mbali kwa sababu ya sokwe mtu, na kwa sababu ya mwanamke aliyewasoma.

Jane Goodall alitia mguu kwenye ufukwe huu tarehe 14 Julai 1960, akiwa binti wa miaka 26 asiye na shahada ya chuo kikuu. Wakuu wa serikali ya kikoloni hawakukubali msichana akae porini peke yake, ndipo mama yake mzazi, Vanne, akafuatana naye. Bintiye aliposhinda milimani akiwatafuta sokwe, ambao miezi ya mwanzo walimkimbia, mama huyo alifungua zahanati ndogo hapo ufukweni na kuwatibu wavuvi na jamaa zao kwa dawa chache alizokuwa nazo. Ujirani mwema uliojengwa kwa njia hiyo ulimsaidia sana bintiye kukaa na watu kwa amani. Mwaka huo huo Goodall alimwona sokwe akichomeka kijiti katika kichuguu na kukitoa kimejaa mchwa, akawala. Mpaka wakati huo wataalamu wengi waliamini kuwa ni mwanadamu peke yake anayetengeneza chombo cha kazi na kukitumia.

Bibi huyo alifariki dunia Oktoba 2025, akiwa na umri wa miaka 91. Utafiti alioanzisha ungali unaendelea, na kwa sehemu kubwa unafanywa na Watanzania, wakiwamo watu wa vijiji vinavyopakana na hifadhi, ambao wanawatambua sokwe mmoja mmoja kwa sura na kwa jina.

Njia ya msituni

Haruhusiwi mgeni kuingia msituni bila mwongozaji. Wetu alikuwa kijana wa mwambao huu huu, mpole wa maneno. Aliwaamkia akina mama shikamoo, akatazama viatu vyetu kimoja kimoja, kisha akawakatia fimbo waliohitaji.

Njia inaacha mchanga wa ufukweni na kuingia katika bonde la Kakombe. Kwa mwendo wa kawaida, usiozidi saa moja, mtu hufika. Si mbali, ila si tambarare pia. Hatua chache tu kutoka kwenye jua la ziwani, hewa inapoa. Majani makavu yamelala ardhini kwa tabaka nene, laini, na mguu unadidimia kidogo kila unapokanyaga. Mikuyu mikubwa imesimama kandokando ya maji, mizizi yake imeyakumbatia mawe. Michikichi nayo imo, imejichanganya na miti ya asili. Juu ya vichwa vyetu mbega wekundu walikuwa wakiruka kutoka tawi hadi tawi, na vijiti na maganda ya matunda yakatuangukia.

Kijito kinasikika mapema kuliko kuonekana. Mara kiko kulia, mara kiko kushoto, na pengine hakina budi kuvukwa juu ya mawe. Hapo ndipo palipohitaji subira. Mama mmoja katika msafara, aliyevuka umri wa miaka sitini, alisita ukingoni.

"Mama, usiyaangalie maji," mwongozaji alimwambia, akinyoosha mkono. "Angalia mguu wangu. Ninapoweka mimi, weka na wewe."

"Haya mwanangu, Bismillahi," akajibu, akavuka. Baada ya hapo ndiye aliyetutangulia.

Njiani tulisikia sokwe mara moja, mbali, upande wa pili wa bonde. Sauti moja ilianza chini chini, ikapokewa na nyingine, ikapanda mpaka ikawa makelele ya kundi zima, kisha kimya. Mwongozaji alitwambia tuvae barakoa na tusimame mpaka ajue wanaelekea wapi. Hawakuja upande wetu, tukaendelea.

Mbele ya maporomoko

Bonde linazidi kuwa jembamba, kuta zake zinasogeleana, na sauti ya maji inakua hadi mtu analazimika kuinua yake. Kisha njia inapinda, na maporomoko yanakuwa mbele yako.

Wanaotarajia kitu cha kutisha kwa ukubwa, kama Victoria, watayaona madogo. Maji yanatoka katika mwanya mwembamba juu ya mwamba, yanashuka wima kama kitambaa cheupe, yanapiga mawe chini na kutawanyika kuwa manyunyu. Mwamba umeota makangaga, na mimea itambaayo inaning'inia kutoka juu. Upepo unaotokana na maji yenyewe yanapoanguka haukomi, na kwa sababu hiyo makangaga yale hayatulii hata siku ambayo msitu mzima umetulia. Jua hufika pale kwa muda mfupi tu, na mwanga wake ukipita katika manyunyu, mtu aliyesimama mahali panapofaa huona upinde wa mvua mdogo unaoweza kukingwa kwa mikono miwili.

Tulikaa kiasi cha saa nzima. Vijana walivua viatu wakaingia mpaka magotini, wakapiga kelele kwa baridi. Akina mama walijitenga mbele ya jiwe kubwa wakanawa nyuso. Hakuna aliyezungumza sana, kwani maji hayakuacha nafasi. Tulipokuwa tukijiandaa kuondoka, yule mama wa fimbo alisema neno ambalo tumelikumbuka tangu siku hiyo: "Maji haya yanaanguka usiku na mchana, na hakuna aliyeyafungulia bomba."

Sokwe mbele ya maji

Goodall aliandika kwamba sokwe dume wanapofika kwenye maporomoko haya mara nyingine hufanya jambo la ajabu. Manyoya yao husimama. Huanza kuyumba kutoka mguu mmoja hadi mwingine, huingia katika maji ya kina kifupi, huokota mawe makubwa na kuyarusha, hudaka mimea inayoning'inia na kubembea karibu na manyunyu. Hayo huweza kuendelea kwa dakika 10 na zaidi, na hayana faida inayoonekana: hakuna chakula pale, wala adui. Baada ya hapo sokwe huweza kuketi juu ya jiwe na kuyatazama tu maji yakianguka. Yeye alijiuliza iwapo huo ni mshangao, hisia inayokaribiana na ile inayomfanya mwanadamu anyamaze mbele ya kitu kikubwa kuliko yeye.

Sisi hatuna elimu ya kusema nini kimo moyoni mwa sokwe. Muislamu amekwishafundishwa kwamba viumbe vyote vinamsabihi Muumba wao kwa namna ambayo wanadamu hatuifahamu, kwa hiyo habari hiyo haikutushtua. Ilitutia haya kidogo. Kama mnyama husimama akayatazama maji, itakuwaje kwa mwenye akili anayepita kando ya kijito cha kijijini kwake kila siku bila kugeuza shingo?

Kwa nini Kakombe hakikauki

Tulimwuliza mwongozaji ni mwezi gani maji hukatika. Akacheka. Masika, akasema, maji huwa mengi na ya nguvu. Kiangazi, kuanzia katikati ya Mei hadi Oktoba, hupungua na kuwa membamba. Kukatika hayakatiki.

Sababu yake ni rahisi kueleweka kwa mwenye kuyaona mabonde yenyewe. Kutoka ziwani, ambapo ni meta zipatazo 773 juu ya usawa wa bahari, hadi kilele cha ukuta wa Bonde la Ufa, penye zaidi ya meta 1,500, ni mwendo wa kilometa chache mno. Mteremko mkali hivyo, ukiachwa mtupu, ungeyamwaga maji ya mvua yote ziwani kwa saa chache. Msitu ndio unaoyachelewesha. Majani ya juu huvunja nguvu ya matone. Majani makavu yaliyolala chini huyapokea na kuyazuia yasikimbie. Mizizi na wadudu wa ardhini wametoboa udongo kwa maelfu ya vitundu, na maji huzama humo yakahifadhiwa. Kisha, miezi ambayo hakuna hata wingu, ardhi huyarudisha kidogo kidogo kupitia chemchemi, na chemchemi hizo ndizo Kakombe. Maji tuliyoyaona yakianguka yalikuwa mvua ya miezi mingi iliyopita, iliyowekwa akiba na miti.

Kwa hiyo anayetazama maporomoko na kuyasifu maji peke yake ameona nusu ya jambo. Nusu ya pili iko juu ya mwamba, mahali ambapo wageni hawapandi.

Nje ya mpaka

Turudi kwenye vile vilima tulivyovipita kwa boti. Mvua inayonyesha Gombe ndiyo inayonyesha huko, na milima ni ile ile ya Bonde la Ufa. Tofauti ni miti. Shamba la mihogo kwenye mteremko halizuii mvua. Maji hushuka kwa kasi, hubeba udongo, huvunja kingo za mito, na pengine huangukia nyumba zilizojengwa mabondeni. Kiangazi kikifika, kijito kilichofurika Machi huwa mchanga mtupu, na mabinti hupanda mbali zaidi na ndoo vichwani.

Haifai kumlaumu mkulima peke yake. Watu wameongezeka, na Kigoma imepokea wakimbizi mara nyingi, wa Burundi mwaka 1972 na 1993, na wa Kongo kuanzia 1996. Kila kaya inahitaji chakula, kuni na mkaa. Mwenye njaa leo hukata mti wa leo. Lakini hasara yake hurudi kwake mwenyewe: udongo ulioondoka shambani hauzai tena, na ukifika ziwani hufunika mawe ya ufukweni ambako samaki wengi hutaga na kujificha. Ziwa Tanganyika lina zaidi ya aina 200 za samaki wadogo wa rangi wa jamii moja, na karibu wote hawapatikani penginepo duniani.

Goodall mwenyewe aliruka kwa ndege ndogo juu ya Gombe mwanzoni mwa miaka ya 1990, akaona msitu umebaki kisiwa katikati ya vilima vitupu. Mwaka 1994 taasisi yake ikaanzisha mradi wa TACARE katika vijiji vya jirani. Mradi huo haukuanza kwa kuwahubiria watu habari za sokwe. Ulianza kwa kuwauliza wanavijiji wanahitaji nini, na majibu yakawa ardhi yenye rutuba, afya, maji safi na elimu ya watoto. Vitalu vya miche vikafuata, majiko yanayotumia kuni chache, mikopo midogo kwa akina mama, na mipango ya matumizi ya ardhi. Baadaye vijiji vyenyewe vilitenga misitu yao ya hifadhi juu ya vyanzo vya maji, na sehemu nyingine miti imerudi yenyewe, bila kupandwa, kwa sababu tu visiki viliachwa vichipue.

Jambo hilo lina maana kwa kila mtaa na kila kijiji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au chanzo cha maji. Wengi huijua sheria hiyo siku tu wanapofukuzwa. Ingefaa ijulikane mapema, ifundishwe shuleni na madrasa, ili mtoto anayekwenda kuchota maji ajue kwamba ule ukanda wa miti ni wake.

Kwa familia zinazotaka kwenda

Tumeulizwa na baadhi ya wasomaji waliosikia habari ya safari hii, nao tunawajibu kwa pamoja.

Wakati. Kiangazi njia huwa kavu na salama zaidi. Masika maji hupendeza kwa wingi wake, lakini mawe huteleza na mvua huweza kumkuta mtu bondeni. Miezi ya kiangazi upepo wa kusini huweza kulichafua ziwa, kwa hiyo nahodha akisema tusubiri, msimharakishe. Ulizeni jaketi okozi kabla ya kupanda boti, na kila mmoja avae lake, watoto kwanza.

Ruhusa na gharama. Kiingilio cha raia wa Tanzania ni nafuu kuliko cha wageni wa nje. Wasilianeni na ofisi ya hifadhi kabla ya kusafiri, mjue viwango vya wakati huo, malazi, na umri wa watoto wanaoruhusiwa. Kufuatilia sokwe kuna masharti zaidi kuliko kwenda kwenye maporomoko.

Afya. Mwenye mafua au kikohozi asiende msituni. Sokwe hushikwa na maradhi yetu, na hawana kinga nayo. Mwaka 1966 ugonjwa wa kupooza uliingia miongoni mwao ukaua na kulemaza kadhaa.

Mavazi. Kwa akina mama, vazi la stara lisiloburuta ndilo linalofaa: suruali pana chini ya gauni linaloishia juu ya kifundo cha mguu, na mtandio uliofungwa vizuri usinaswe na miiba. Ndala hazifai. Viatu viwe vya kukamata mwamba.

Chakula. Chukueni vikavu: chapati, mayai ya kuchemsha, tende, karanga, maji ya kutosha. Msile mkiwa mnatembea wala msiache vyakula wazi ufukweni, kwani nyani wa Gombe wanavijua vikapu vya wageni na hawaombi ruhusa. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019. Kila mlichoingia nacho mtoke nacho.

Twahara. Kwa udhu, tekeni maji kwa chombo na mnawie kando ya kijito. Msitie sabuni ndani yake, kwani walio chini yenu, binadamu na wanyama, wanakunywa hayo hayo.

Swala. Aliyesimama ufukweni mwa Gombe ataelekea kibla akiwa na ziwa mkono wa kushoto na milima mkono wa kulia, yaani kaskazini, akipinda kidogo mashariki. Kwa mkazi wa Kigoma au Ujiji, umbali wa Gombe haufikii masafa ya kukusuru kwa kauli ya wanazuoni wengi, ambao wameyakadiria kuwa kilometa 80 na zaidi, kwa hiyo ataswali kamili. Aliyetoka Tabora au Dar es Salaam ana hukumu ya msafiri, na mwenye shaka amuulize sheikh wake kabla ya kuondoka.

Boti ya kurudi ilitupitia asubuhi, ziwa likiwa limelala. Yule kijana aliyeuliza habari za miti alikaa upande wa nchi kavu safari nzima, akihesabu mabonde kutoka hifadhini hadi Kibirizi na kutaja lipi lina miti juu yake na lipi halina. Yenye miti yalikuwa machache. Tunawaomba wazazi watakaokwenda na watoto wao wawape kazi hiyo hiyo, kisha wakifika nyumbani wawaulize kijito cha mtaani kwao kinaanzia wapi, na juu yake kumebaki nini.